Kutafuta vilima Lubumbashi: kisa cha kundi la baiskeli kwenye uwanda wa juu

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Huku Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo (DRC), tuliyafuata kwenye simu. Jumapili iliyofuata swali lilikuwa moja katika kundi letu zima: sisi tutapanda wapi? Kisa ninachokichambua hapa ni jinsi swali hilo lilivyopata jibu. Nakieleza kwa urefu kwa sababu naamini makundi mengi yanayoishi kwenye miji ya tambarare yanatafuta vilima mahali ambapo havipo, kisha yanakata tamaa mapema.

Kundi letu ni la watu kumi na kitu. Wamo vijana wawili wanaoendesha kila siku, mwalimu wa sekondari, muuguzi, fundi wa baiskeli mwenye kibanda sokoni, wafanyakazi kadhaa wa mgodi, na mama mmoja aliyeanza kuendesha watoto wake walipokwisha kukua. Tunaondoka Jumapili alfajiri na kila mtu anataka awe nyumbani kabla ya misa ya pili. Muda huo mfupi ndio uliobana kila uamuzi tulioufanya. Njia inayochukua siku nzima, hata ingekuwa nzuri namna gani, si njia ya kundi hili.

Kwa muda mrefu tuliendesha kwenye lami tambarare, tunakwenda na kurudi. Kwenye tambarare kundi linaonekana limeungana kuliko lilivyo kweli. Ukienda kilomita 30 kwa saa, adui mkubwa ni upepo, na anayekaa karibu na gurudumu la mwenzake anaokoa robo ya nguvu zake au zaidi. Kwa hiyo mnyonge anajificha nyuma, mwenye nguvu anavuta mbele, wote wanafika pamoja. Kwenye mwinuko wa asilimia 6 hesabu inabadilika. Kasi inashuka hadi kilomita 10 au 12 kwa saa, upepo hauna neno tena, na kila mtu anapandisha uzito wake mwenyewe. Hapo hakuna wa kumbeba mwenzake. Ndiyo maana vijana wetu walitaka vilima na wengine waliviogopa, na pande zote mbili zilikuwa na haki.

Lubumbashi iko juu sana lakini haina milima

Watu wengi wanachanganya kuwa juu na kuwa na milima. Mji wetu uko mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, lakini ukisimama popote nje ya mji unaona upeo ulionyooka, msitu wa miombo hadi macho yanapochoka. Huu ni uwanda wa juu. Na barabara zetu kubwa zimepita palipo tambarare kuliko pote.

Sababu yake iko kwenye ramani ya zamani. Mpaka wetu na Zambia upande huu ulikubaliwa mwaka 1894 kati ya Uingereza na mfalme wa Ubelgiji, na ukawekwa kwenye mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mvua inayonyesha upande wetu inakwenda mto Kongo. Inayonyesha upande wa pili inakwenda Kafue na Zambezi. Mgongo huo ni mpana, umelala, haupandi ghafla wala haushuki ghafla. Reli iliyofika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini ilipenda ardhi ya namna hiyo, maana treni iliyobeba mzigo haipendi mwinuko. Barabara za magari zikafuata nyayo hizohizo. Aliyepima reli alikwepa vilima kwa makusudi; basi anayetaka vilima atazame pale mpima reli alipokataa kupita.

Barabara ya Kipushi ndiyo iliyotudanganya wengi. Kipushi iko karibu kilomita 30 kutoka mjini, na kwa kuwa iko juu kwenye mgongo wenyewe, kweli unapanda. Lakini unapanda mita mia na kitu tu katika kilomita 30, yaani chini ya nusu ya asilimia moja. Mtu anachoka, anadhani ni mlima, kumbe ni upepo wa mbele na kijimwinuko ambacho jicho halikioni. Anaporudi anajiona amepona ghafla. Njia hiyo ina faida zake, lakini haimfundishi mtu kupanda.

Njia tulizoziacha

Likasi lilikuwa pendekezo la kwanza. Kule kuna vilima vya kweli, mjini penyewe na kuelekea Kambove. Ila ni kilomita 120, na barabara ya Likasi, kama ile ya Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, ni ya malori ya shaba na ya tindikali. Mimi nasimama wima juu ya jambo hili: kundi la watu wenye uwezo tofauti halipaswi kuwekwa kwenye barabara ya malori makubwa, hata kama ina mwinuko mzuri kuliko yote duniani. Kwenye kupanda, mtu aliyechoka anayumba. Anayumba nusu mita kushoto, nusu mita kulia, bila kujua. Lori linalompita wakati huo halina nafasi ya kumsamehe.

Kundelungu lilitajwa na vijana. Uwanda wake unapita mita 1,600, na kuna maporomoko ya Lofoi, mamia ya mita za maji kwa mruko mmoja. Ni mahali pa kwenda siku moja kwa gari, na hema, na maandalizi. Si pa Jumapili.

Kilichotugeuza mawazo ni namna njia ya Kigali ilivyopangwa. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na jumla ya kupanda ilikuwa mita 5,475. Mtu akisikia namba hiyo anafikiria mlima mmoja unaofika mawinguni. Sivyo. Mlima Kigali wenyewe, kilomita 5.9 kwa wastani wa asilimia 6.9, ulipandwa mara moja tu. Huo ni kama mita 400. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilitoka kwenye mzunguko wa kilomita 15 uliorudiwa mara 15, wenye vipando viwili vifupi: kimoja cha mita 800 hivi kwa asilimia 8, na cha Kimihurura chenye kilomita 1.3 kwa asilimia 6. Kipando cha kwanza kinakuinua mita 65 tu. Waliokuja kutafuta taji la dunia wengi wao hawakumaliza, na kilichowamaliza zaidi ni vipando vya mita 60 na 80 vilivyorudi tena na tena.

Tulipofika hapo mwalimu alisema neno ambalo lilibadili kazi yote: tuache kutafuta mlima, tutafute bonde. Uwanda wa juu hauna vilele, lakini una mito, na kila mto umechimba. Barabara inayofuata mgongo haitakupa kitu. Barabara inayokata mito, inayoshuka kwenye maji na kupanda ng'ambo, itakupa mwinuko kila unapovuka. Na ukienda na kurudi kwa njia ileile, kila bonde linahesabika mara mbili. Mabonde mawili ya mita 40, kwenda na kurudi, ni mita 160 za kupanda. Fanya hivyo mara tatu, nne, na miguu itakueleza kama tambarare ina milima.

Ramani inaona miti

Tulianza na ramani za bure za simu, zile zinazoonyesha mistari ya kimo. Tulitafuta njia za udongo upande wa bonde la Kafubu, kati ya barabara ya Kasumbalesa na ile ya Kasenga, kwa sababu Kafubu inakusanya vijito vingi ikielekea mto Luapula. Sheria ilikuwa rahisi: mahali ambapo mstari wa njia unakata mstari wa kijito kwa kukingama, na mistari ya kimo imekaribiana, hapo pana kipando.

Ramani ilisaidia, lakini ilisema uongo pia, na ni vizuri kujua uongo wake unatoka wapi. Ramani nyingi za namna hii zimejengwa juu ya vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000. Kila kipimo kinawakilisha kipande cha ardhi cha kama mita 30 kwa 30, na rada ile haikupenya majani yote. Penye msitu imepima kati ya udongo na vilele vya miti. Kwa hiyo njia inayotoka shambani na kuingia msituni inaonekana imepanda ghafla mita kadhaa, na ikitoka tena inaonekana imeshuka. Kwenye nchi ya milima mirefu kosa hilo halina uzito. Kwetu, ambapo bonde zima lina mita 40, linaweza kukutengenezea kilima ambacho hakipo. Njia moja ambayo simu ilituahidi kuwa ina vipando vingi ilikuwa tambarare yenye vipande vya msitu.

Hapohapo ndipo ulipotoka ugomvi wa namba. Wawili wakimaliza njia moja, simu ya huyu inasema amepanda mita 300, ya yule inasema 450. Hakuna aliyedanganya. Programu moja inahesabu kila kijimwinuko cha mita moja, nyingine inasawazisha kwanza. Kifaa chenye kipimo cha shinikizo la hewa kinaaminika zaidi kwa vipando vifupi, ingawa hali ya hewa ikibadilika katikati ya safari nacho kinapotea. Tulikubaliana kuacha kulinganisha simu na kuhesabu vipando: umepanda bonde mara ngapi, basi.

Waliojua ni wa makala

Jibu la kweli halikuwa kwenye simu. Kila asubuhi, kabla jua halijatoka, baiskeli za makala, yaani mkaa wa kupikia, zinaingia Lubumbashi kutoka vijijini. Baiskeli ya chuma, fremu imeongezwa nondo, masaki (magunia) matatu au manne yamefungwa kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka mipira ya ndani iliyokwisha, midomo ya masaki imezibwa kwa majani. Kwenye usukani kimefungwa kijiti kirefu ili mwenye baiskeli aweze kutembea kando na kuiongoza bila kuinama. Mtu huyu anajua kila mwinuko wa njia yake, kwa sababu kila mwinuko anaulipa kwa mwili wake.

Mwalimu na fundi walikwenda kuwangoja pale wanapopumzika, pembeni kabisa ya mji, wakanunua munkoyo, kinywaji cha mahindi, wakamkaribisha mzee mmoja aliyekuwa anafunga upya saki lililolegea. Mwalimu aliuliza kwa Kiswahili cha huku, ambamo kinga ni baiskeli:

"Papa, ku njia yenu, ni fasi gani munashukaka ku kinga munasukuma?"

"Fasi tatu. Ya kwanza ni ku mutoni mudogo, pale nasukumaka paka juu. Ya pili ni murefu, hata vijana banasukumaka. Ya tatu haina mulima, ni muchanga."

"Na mu kushuka, papa?"

"Kushuka njo mubaya. Na masaki ine, freni haishikake. Mukiniona nakuya, mutoke mu njia."

Katika maneno hayo machache palikuwa na kila kitu tulichokihitaji. Palikuwa na vipando viwili vya kweli, ambavyo tulivikuta kwenye ramani baada ya kujua pa kutazama. Palikuwa na onyo la mchanga. Palikuwa na sheria ya barabara. Swali la "wapi kuna mlima" lingeleta majibu ya kila aina, maana kila mtu ana kipimo chake cha mlima. Swali la "wapi unashuka ukasukuma" lina jibu moja tu, na limepimwa na kilo za makala.

Njia tuliyoichagua ni ya udongo mwekundu, inaondoka kwenye lami na kuvuka vijito viwili. Bonde la kwanza ni fupi na kali. La pili linapanda kama kilomita moja, mita 40 na kitu, kali zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Hakuna malori. Kuna vijiji vidogo, na kabla ya kulipeleka kundi zima tulikwenda kumwamkia shefu wa kijiji cha pili na kumweleza sisi ni nani na tutapita saa ngapi. Jambo hilo nalipendekeza kwa kila kundi. Watu kumi na kitu wenye kofia ngumu wakitokea kijijini alfajiri bila kutangulia kusema, wanatia wasiwasi, na wasiwasi huo una sababu zake katika nchi hii.

Chini ndiko kuliko na hatari

Siku ya kwanza ya kundi zima tulijifunza kwamba kipando si sehemu ngumu ya njia. Sehemu ngumu ni sakafu ya bonde. Mvua inashusha mchanga kutoka pande zote mbili na kuuacha pale chini, kando ya dembo (bonde la majimaji lenye majani), pengine urefu wa mita 20, laini, wa rangi ileile ya barabara. Mtu anashuka kwa kasi, anafurahi, anataka kutumia kasi hiyo kupandia ng'ambo, na gurudumu la mbele linazama. Muuguzi wetu alianguka hapo. Hakuumia sana, alichubuka kiwiko, lakini kila mtu alielewa maneno ya yule mzee kuhusu fasi ya tatu.

Tangu hapo mmoja hutangulia kushuka peke yake, anasimama kabla ya mchanga na kuinua mkono. Wengine wanashuka mmojammoja, kwa kuachana. Kuachana kuna faida ya pili wakati wa kiangazi: vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi la mtu mmoja linamfunika anayemfuata asione shimo lililo mbele yake. Ile tabia ya lami ya kukaa karibu na gurudumu la mwenzako, kwenye udongo ni hatari tupu.

Na wenye makala wana haki ya njia, kupanda na kushuka. Anayeshuka na mzigo hawezi kusimama, hilo lilikwisha kusemwa. Anayepanda akisukuma, ukimsimamisha katikati ya mwinuko, kuianzisha tena baiskeli yenye masaki manne kunataka watu wawili. Sisi tunapanda kwa kupenda, yeye anapanda ili watoto wale. Tunatoka pembeni, tunaamkia, tunapita baada yake. Vijana wetu wawili wamezoea kuweka baiskeli zao chini na kumsukumia aliyekwama hadi juu, na mimi naona hayo ni mazoezi bora kuliko kipando chochote.

Kwa nini bonde fupi linafaa kundi

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi bonde fupi lilivyotatua ule mvutano wa wenye nguvu na wanyonge. Chukua kipando cha kilomita moja. Anayepanda kwa kilomita 15 kwa saa anatumia dakika 4. Anayepanda kwa kilomita 8 anatumia dakika 7 na nusu. Tofauti ni dakika tatu na nusu, muda wa kunywa maji na kupumua. Sasa chukua mlima wa kilomita 6 kwa kasi zilezile: wa kwanza anafika kwa dakika 24, wa pili kwa dakika 45. Dakika 21 za kungoja juu, jasho linakauka, baridi ya Juni inamwingia mtu mifupani, maneno yanaanza. Kundi likifika hapo mara mbili tatu, wale wa nyuma wanaacha kuja. Wanatoa sababu nyingine, za kazi, za watoto, lakini sababu ni zile dakika 21.

Utaratibu wetu sasa ni huu. Anayefika juu kwanza hasimami. Anageuka, anashuka hadi kwa mtu wa mwisho, na kupanda tena pamoja naye. Vijana wanapata vipando viwili wakati mama yetu anapata kimoja, na wote wanafika juu kwa wakati mmoja. Hakuna anayengojewa, maana hakuna anayengoja. Kwenye mlima mrefu utaratibu huo haufanyi kazi, kwa sababu kurudi chini ni mbali. Kwenye bonde la kilomita moja unafanya kazi vizuri sana.

Yupo mmoja kati yetu asiyekubali. Anasema kurudia bonde lilelile kunachosha roho, na kwamba mtu anayetaka kuendesha Kivu au Rwanda siku moja lazima azoee kupanda nusu saa bila kupumzika. Ana hoja. Mwili unaopanda dakika tano na kushuka haujifunzi kula, kunywa na kujipima kwa muda mrefu. Tumemwambia atumie barabara ya Kipushi kwa kazi hiyo, dhidi ya upepo, kwa gia nzito, bila kuacha kukanyaga. Si mlima, lakini kilomita 30 za kukanyaga bila kupumzika zinamfundisha mtu subira ambayo bonde haliwezi kumfundisha.

Kilichobaki ni masika. Mvua kubwa zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kwa miezi hiyo sakafu ya bonde la pili inageuka tope linaloshika gurudumu hadi kwenye fremu. Tumetafuta badala yake kipande kifupi cha lami mjini kinachoshuka mtoni, chepesi zaidi na chenye magari, na tunakitumia mapema sana kabla teksi hazijaamka. Fundi wetu anawauliza wenye makala wanaopita kwenye kibanda chake njia gani wanaitumia mvua ikikolea, maana makala yanaingia mjini mwaka mzima. Wawili wamemtajia njia moja upande wa Kasenga yenye changarawe hadi chini kwenye maji, na ndiyo tutakayokwenda kuitazama kwanza, watu watatu tu, kabla ya kuwaita wengine.